Kwenye simu ya mama, sheria ya umri haimwoni mtoto

Wakuu, mleta mada anauliza kama tuwaige Australia, ambako tangu tarehe 10 Desemba 2025 kampuni za mitandao ya kijamii zinatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Wengi mmejibu kwamba malezi ni kazi ya mzazi, serikali ikae pembeni. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, na simu za wazazi zinapita mikononi mwangu kila siku. Kwa ninayoyaona, serikali inapaswa kuingilia, ila ikishika umri peke yake haitawafikia watoto wetu.

Mama analeta simu akilalamika kwamba imejaa na bando haliifikishi jioni. Ukifungua matumizi ya data unakuta mtu anayeshinda sokoni akiuza vitenge ametazama video fupi saa nzima na zaidi, usiku. Si yeye. Mtoto akirudi shule anaichukua simu, akiichoka anaipokea mdogo wake. Laini imesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mama na vidole vyake, akaunti ya Google ni yake, TikTok ipo kwa jina lake. Kwa hiyo kampuni inaamini inamhudumia mtu mzima, na matangazo ya kubeti yanakuja bila kizuizi. Australia inaweza kumfungia mtoto mwenye akaunti yake. Huyu wa kwetu utamfungia nini?

China wameliona hili. Tangu mwaka 2021 walio chini ya miaka 18 wanaruhusiwa kucheza michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Watoto walikuwa wanaikwepa mipaka ya namna hii kwa akaunti za wazazi na bibi zao, hadi kampuni ya michezo ya Tencent ikaweka ukaguzi wa sura. Korea Kusini nao walianza mwaka 2011 kuwazimia michezo walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2021 wakaamua kuifuta sheria hiyo.

Kinachonipa moyo ni Uingereza. Wao waliandika kanuni inayozitaka kampuni zitengeneze huduma zao kwa kumfikiria mtoto, wakazipa hadi Septemba 2021 ziwe zimejirekebisha. Agosti mwaka huo huo, YouTube ikatangaza kwamba kwa wenye miaka 13 hadi 17 video haitajianzisha yenyewe nyingine ikiisha, mpaka mtumiaji aiwashe swichi hiyo mwenyewe, na TikTok ikasema itaacha kuwatumia arifa wa miaka 13 hadi 15 kuanzia saa tatu usiku. Kumbe swichi zilikuwepo siku zote! Mzazi anayefunga biashara jioni, apike, aogeshe watoto, hawezi kushindana na wahandisi wanaolipwa ili mwanawe asiweke simu chini. Serikali inaweza.

Shida ni kwamba ulinzi huo nao unategemea mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa. Juzi kati binti wa darasa la sita alikuja na shangazi yake kuwekewa programu. Ile sehemu ya mwaka ilipotokea, akazungusha kidole mara moja, ikasimama miaka ya tisini, akabonyeza endelea. Nikamuuliza kwa nini. "Ukiweka wa kweli inakukatalia." Shangazi akasema, "Mwachie tu fundi, tuwahi gari." Hapo hapo arifa za usiku zikarudi, na mtu yeyote asiyemjua akaweza kumwandikia.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki: ulinzi uwe umewashwa kwa kila akaunti tangu inapofunguliwa, bila kujali mwaka gani umeandikwa. Video isijianzishe, arifa za usiku zilale, mgeni asiweze kukuandikia. Mtu mzima akitaka kuuzima, auzime kwa namba yake ya siri. Hapo mtoto analindwa hata akishika simu ya mama, na hakuna anayedaiwa kitambulisho. Tayari tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao wapo.

Mkuu uliyesema serikali itatumia watoto kama kisingizio cha kufunga mitandao, hofu yako ina msingi. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao mwaka 2018, ikaifunga Facebook Januari 2021, na watu wakahamia VPN, programu za kukwepa vizuizi vya mtandao. Ndiyo maana mimi sitaki mtu afungiwe. Ninataka kampuni ndiyo ibanwe.

Kama humu kuna mwanasheria anayejua namna ya kupeleka maoni rasmi kwenye Tume, anijibu hapa hapa. Niko tayari kuandika ninayoyaona na kuweka saini yangu.