Uliza Nikujibu: Donati za Dubu, Nyama ya Chui

SWALI: Salamu mhariri. Mimi ni Mkongomani, natumika zamu ya usiku kwenye ghala moja hapa Portland, jimbo la Maine, Marekani. Kazini kuna wazee wawili, wote wawindaji toka utoto, na Agosti ikikaribia lazima wagombane kuhusu dubu. Mmoja anamwekea dubu vyakula kwenye pipa porini, akija kula anampiga. Mwenzie anasema huo sio uwindaji, marufuku ikiletwa kwenye kura tena yeye anaipitisha asubuhi na mapema. Kila mmoja ana hesabu zake na mi nimebaki katikati. Nimepata uraia juzi juzi na wanasema kura hiyo inaweza kurudi siku yoyote, nani mkweli kati yao?

JIBU: Hongera ya uraia ndugu yangu, na pole kwa kukaa katikati ya wazee wawili wenye bunduki.

Tuanze na hilo pipa maana wasomaji wengi huku hawajawahi kulisikia. Maine ina dubu weusi zaidi ya 30,000, na mapori yake yamefungana mno, misonobari na vichaka, unaweza kupita hatua chache tu kutoka kwa dubu usimwone kabisa. Kwa hiyo mwindaji anafunga pipa kwenye mti, anajaza donati zilizolala, mikate, molasi, mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika, yaani chochote chenye sukari na harufu kali, afu anaweka kamera ya kutega na anakaa juu ya kiti cha mtini mita kama 20 hivi akisubiri. Sheria inamruhusu kuanza kuweka chambo siku 30 kabla ya msimu kufunguliwa, msimu wenyewe unaanza Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na kuwinda kwa chambo kunaruhusiwa wiki nne tu. Pipa linatakiwa liwe mbali na barabara na liwe na jina na anwani ya mwenyewe. Kwa hiyo usidhani ni ujangili, ni kitu cha halali chenye utaratibu wake, na kuna watu huko kaskazini wanaongoza wageni kutoka majimbo mengine na ndo wanasomeshea watoto.

Sasa kura. Kule wananchi wakikusanya sahihi za kutosha wanaweza kuipeleka sheria moja kwa moja kwa wapiga kura bila kusubiri wabunge. Ilifanyika 2004 ikaanguka, ikafanyika tena Novemba 2014 ikaanguka tena, na mara zote mbili walioikataa walikuwa kama asilimia 53. Haikuwa chambo peke yake, walitaka kufuta na kuwinda kwa mbwa na mitego pia, vyote kwa mpigo. Na ukitaka kuelewa kwa nini hao wazee hawaelewani angalia ramani ya kura: upande wako wa Portland, mjini kusini, watu wengi walisema ndiyo, na kaunti ya Aroostook huko juu kabisa ambako dubu wenyewe wanakaa walisema hapana kwa wingi. Mtu wa kaskazini anaona amepangiwa maisha na mtu ambaye dubu anamwona kwenye televisheni tu. Hasira hiyo haijaisha mpaka leo na hata hizo hesabu za wazee wako zinatoka humo humo.

Twende kwenye hizo hesabu. Mzee wa pipa atakwambia bila chambo dubu watajaa mpaka waingie jikoni, maana dubu wengi wanaouliwa Maine, kama wanane kwa kila kumi, wanapigwa kwenye chambo, na idara ya wanyamapori ya jimbo yenyewe ilisimama upande wake mwaka 2014. Atakwambia pia dubu akiwa ametulia anakula unapata muda wa kumwangalia vizuri, huyu jike ana watoto muache, huyu dume haya, na risasi unaiweka pale pale panapotakiwa badala ya kumjeruhi akakimbia akafe vichakani siku tatu. Hoja hii mi naikubali, ni ya kweli. Na wale wanaosema ni kama kuchinja kuku bandani wanazidisha, maana hata kwa chambo mwindaji anayefanikiwa ni takriban mmoja kwa wanne, wengine wanarudi nyumbani na mbu.

Mzee wa pili naye hana porojo. Dubu jike akipandwa kiangazi mimba haijishiki hapo hapo, inasubiri mpaka vuli, na kama hajanenepa vya kutosha haiendelei kabisa. Sasa wewe unamwagia pori zima donati wiki nane unasema unapunguza dubu, je kwa upande mwingine huwaongezi? Na dubu ambaye hakuuawa pale kwenye pipa, si ameshaonja keki na kuzoea harufu ya binadamu? Halafu kuna ile ya New Hampshire, jimbo la jirani, Septemba 2014, miezi miwili kabla ya kura ya Maine: dubu wanne walikutwa wamekufa hapo hapo kwenye chambo, wameshiba chokoleti na donati. Ndani ya chokoleti kuna kitu kinaitwa theobromini ambacho kwa wanyama wengi ni sumu, mbwa pia. Baadaye jimbo likakataza chokoleti kwenye chambo.

Mzee wa pili lazima atakuletea Colorado, usipokuwa makini atakumaliza nayo. Colorado walipiga marufuku chambo na mbwa 1992, karibu watu 7 kwa kila 10 waliikubali, na dubu hawakuacha kuwindwa, leseni zikaongezeka badala ya kupungua. Oregon wakafuata 1994, Washington na Massachusetts 1996. Ni kweli tupu. Ila Colorado ni milima iliyo wazi, unakaa upande huu wa bonde na darubini unamwona dubu upande wa pili anakula matunda, Maine darubini utamwona nayo kunguru. Kwa hiyo Colorado inaonyesha kwamba uwindaji unaweza kuishi bila pipa, haionyeshi kwamba Maine itakuwa hivyo hivyo.

Umeniuliza nani mkweli, wote wawili, tatizo wanajibu maswali tofauti. Mzee wa kwanza anajibu swali la idadi: dubu wapungue vipi? Mzee wa pili anajibu swali la heshima ya porini: mnyama awe na nafasi gani ya kunikimbia kabla sijajiita mwindaji? Lile la kwanza mtaalamu wa wanyama anaweza kukusaidia na vitabu vyake. La pili hamna mtaalamu, hata alete makabati ya takwimu. Kinachonikera mimi kwenye mjadala wote huu ni watu wa pipa kuchukua jibu la idadi na kulivalisha koti la mashujaa, unaona mtu amepiga picha na dubu kama alipigana naye mieleka. Kama ni kazi ya kupunguza wanyama sema ni kazi, fanya vizuri, kula nyama, basi. Na wa upande wa pili wakubali kwamba wakishinda, kuna familia kule juu zitatafuta kazi nyingine, wasijifanye hilo ni dogo.

Mi ningekuwa na kura hiyo ningetaka kwanza waitenganishe, chambo peke yake, mbwa peke yake, mitego peke yake. Mitego ningeifuta kesho. Chambo ningewasikiliza Aroostook mara moja zaidi kabla sijaweka alama.

SWALI: Mhariri shikamoo. Niko Arusha, nimefanya kazi za kambi ya uwindaji misimu kadhaa. Mbona Wazungu wanabishana kwa dubu wakati huku kwetu wanakuja wenyewe wanapiga chui kwa chambo na hakuna anayesema kitu?

JIBU: Marahaba. Wanasema, tena sana, ila wanasemea kwao. Wewe unajua kuliko mimi: mnyama wa chambo anapigwa ndani ya mgao wa kitalu, yaani idadi iliyoruhusiwa kwenye eneo lenu la kuwindia, paja lake linaning'inizwa mtini, mnajenga kibanda cha kujificha, mnasubiri chui apande. Na hoja ya wawindaji bingwa ni ile ile ya mzee wa pipa, kwamba chui jike haruhusiwi kupigwa na bila chambo huwezi kumkagua, na simba vile vile anatakiwa awe amefika miaka 6, sasa umri wa simba anayekimbia utausoma wapi? Tofauti ninayoiona ni kwamba nyama ile ni ya pori lenyewe, haimfundishi chui kupenda maandazi. Pia huku kuwinda usiku na kummulika mnyama ni kosa, kwa hiyo chui akiamua kuja saa sita za usiku mteja na dola zake anabaki kumsikiliza akitafuna. Kenya wao walimaliza ubishi 1977 kwa kufunga uwindaji wote, na mpaka leo watu wa pande mbili za mpaka hawajakubaliana nani alifanya vizuri.

SWALI: Hivi hao dubu wanaliwa kweli au wanapiga picha tu? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Wanaliwa, wengi tu, wanatengeneza mchuzi, soseji, na mafuta yake wengine wanakaangia. Lakini lazima iive mpaka ndani kabisa, nyama ya dubu ina minyoo inaitwa trikinela, ukila ikiwa na damu damu utaumwa misuli na homa wiki nzima au zaidi, na kugandisha kwenye friza hakutoshi kwa minyoo ya aina hiyo ya porini. Ukiwa Mwislamu huna haja ya kuwaza mapishi, maulamaa walio wengi wanamhesabu na wanyama wenye meno ya kuwindia, kwa hiyo akikualika mtu huko omba kuku.