Mnaoanza kazi ya sabtaito, jifunzeni mchezo kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuweka sabtaito za Kiswahili, hili kosa lilinilia wiki mbili nzima, nyie msilirudie. Filamu ya kwanza ya michezo niliyopewa ilikuwa Knute Rockne, All American ya mwaka 1940, ya Warner Bros., Pat O'Brien ndo kocha Rockne wa chuo kikuu cha Notre Dame kule Marekani na Ronald Reagan, huyu huyu aliyekuja kuwa rais, anaigiza mchezaji wake George Gipp. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ila mimi nikaandika "mpira wa miguu", tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, nikaiita goli, nikasonga. Nafika mechi ya 1913 na Army, ile timu ya chuo cha jeshi West Point, nikakwama, maana jamaa anarusha mpira kwa mkono mwenzie anaudaka kule mbele na sabtaito yangu inasema "anatoa pasi", sasa pasi mtu wa Mbagala anaziona kila siku, ataelewaje kilichowashangaza Army hapo?

Ikabidi nikae nisome mchezo wenyewe. Kumbe timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikishindwa wapinzani wanauchukua, na kurusha mbele kuliruhusiwa 1906 tu, timu nyingi zilikuwa bado zinategemea kusukumana. Notre Dame wakashinda 35-13. Nikafuta pasi, nikaweka "Anaurusha mbele!", inasomeka fasta na inabeba kila kitu.

Halafu Gipp. Alifariki kweli Desemba 1920, miaka 25 tu. Kwenye filamu yuko kitandani anamwomba kocha, siku vijana wakibanwa awaambie washinde mechi moja kwa ajili yake, na Rockne analitunza ombi hilo mpaka mapumziko ya mechi ya Army 1928. Mimi nilikuwa nimeandika "pateni ushindi kwa heshima ya marehemu Gipp", yaani kama tangazo la msiba redioni! O'Brien anaanza taratibu, sauti ya chini, maneno mepesi, na Kiswahili kina hiyo "kwa ajili ya" tayari ndani ya kitenzi, nikaandika "Mshindieni Gipp, hata moja tu." Hapo nililia mwenyewe kwenye kompyuta.

Na matokeo ya hiyo mechi ya 1928 mkiyafikia, ni 12-6, tachidauni moja pointi 6, kwa hiyo ni mbili kwa moja, msije mkaandika magoli 12.