Kibanda cha stroberi Dodoma: ukuta wa mkaa badala ya kiyoyozi

Ndugu, umeuliza kama ununue kiyoyozi kwa kibanda chako cha stroberi cha mita 2 kwa 2. Usinunue. Hewa ya Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba ni kavu, na hewa kavu hupozwa vizuri na maji.

Upande unaopokea upepo, simamisha nyavu mbili za kuku zilizoachana sentimita 10, ujaze mkaa wa ukubwa wa ndimu. Chekecha kwanza, maana vumbi la mkaa huziba njia ya hewa. Juu laza bomba lenye matundu ya milimita 2, kila sentimita 10. Chini weka gata inayorudisha maji kwenye ndoo yenye pampu. Feni ikae ukuta wa pili, ivute hewa kuitoa nje. Wengi hukosea hapa: wanafunga kila mahali bila pa kutolea hewa, unyevu unajaa ndani na matunda yanaota ukungu wa kijivu. Ziba nyufa nyingine zote, hewa ipite kwenye mkaa tu.

Paa lifunike kwa neti ya kivuli. Maji yakiwa ya chumvi, yamwage kila wiki, la sivyo mkaa utagandwa na chumvi. Mvua zikianza Desemba, zima pampu, acha feni peke yake.