Nani ana maumivu, na wapi?

Wiki hii mmetuuliza sisi tunaofundisha watoto mpira: mtoto akiumia uwanjani, kosa ni la nani? Jibu langu: mara nyingi ni letu makocha, na ninaanza na mimi mwenyewe.

Ninafundisha watoto wa miaka 9 hadi 13 hapa Ndosho, Goma. Asiyeujua mji huu ajue kwamba tunacheza juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, makali kama chupa iliyopasuka. Kwa hiyo kila mazoezi watoto wanajipanga bega kwa bega, wanatembea kutoka goli hadi goli wakiokota mawe. Kesho yake yapo mengine, nadhani yanaota.

Halafu tunapasha misuli. FIFA ina mazoezi ya watoto wa umri huu, 11+ Kids: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yamekunjwa, kuanguka kwa kubiringika. Yalipojaribiwa Ulaya kwa watoto karibu 3,900, majeraha yalipungua kwa karibu nusu. Hayadai vifaa zaidi ya mpira. Mimi napenda hasa hilo la kuanguka: mtoto akizoea kubiringika kwa bega badala ya kutanguliza kiganja, umeokoa mkono. Kinga za muundi, wasio na pesa tunawakatia katoni, inaingia ndani ya soksi. Si kinga kamili, najua.

Sasa kosa langu. Beki wangu mmoja, wa miaka 12, aliteguka kifundo cha mguu katikati ya mechi. Nikamwambia maneno niliyoambiwa mimi utotoni: "Wewe si mwanaume? Simama!" Akasimama, akamaliza mechi akichechemea. Nyumbani bibi yake akamkanda kwa maji ya moto, kwa nguvu zote, na asubuhi mguu ukawa kama boga. Kifundo kilichoteguka hakikandwi wala hakipashwi moto siku 2 au 3 za kwanza. Kinapumzishwa, kinafungwa, kinainuliwa, kinawekewa kitu cha baridi. Bibi hakujua. Mimi nilijua, na sikupita hata kwao kusema.

Aliporudi baada ya wiki nyingi, alikuwa amejifunza jambo moja: kuficha. Nilimwona akifunga kamba za kiatu kwa kuuma meno.

Tangu hapo, kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani, nauliza: nani ana maumivu, na wapi? Mwezi wa kwanza hakuna aliyeinua mkono. Walianza kusema nilipoahidi kwamba anayesema hapotezi namba yake, na nikatimiza.

Aliyegongwa kichwa ndiye sina mjadala naye: siku hiyo harudi uwanjani, hata tukibaki 10. Juzi baba mmoja alinipigia kelele kutoka pembeni, "Mwalimu, mrudishe, mtoto ni mzima!" Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi karibu nami, akiniuliza kwa mara ya tatu tunacheza na timu gani.