Mgeni wangu nampeleka Uhindini

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukipata mgeni na mfuko umepwaya, unampeleka kula wapi? Mimi ni wa Mbeya, na wangu nampeleka Uhindini, kwenye hoteli ndogo ya Mhindi yenye viti vya plastiki na sahani za chuma. Menyu hakuna. Chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki ubaoni, na hakizidi aina mbili tatu, zote bila nyama.

Najua wapo watakaosema mgeni apewe kuku na chipsi. Hivyo atavikuta hata stendi ya Nane Nane akisubiri basi.

Watu wakiona bei ndogo hudhani jikoni kuna ubahili. Sivyo kabisa. Wahindu wengi wenye asili ya Gujarat hawali nyama, kwa hiyo vizazi na vizazi wamezipa mbaazi, dengu na choroko heshima ambayo sisi tumeiwekea nyama peke yake. Sahani ya chakula ni ya bei nafuu kwa kuwa hamna nyama, ila kazi imo, tena nyingi. Mbaazi zilizokobolewa huchemshwa na manjano mpaka zivurugike, zikatiwa nyanya, tangawizi, ukwaju na sukari guru kidogo. Hiyo ndiyo dali, na hapo bado.

Mpishi wa pale ni mama wa Kinyakyusa. Ukiwahi sana atakuambia, "Subiri mwanangu, sijaiunga." Anapasha mafuta kwenye kikaango kidogo, anatupia haradali, na zinapoanza kurukaruka anafuatisha bizari nyembamba, pilipili kavu na mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kiasi cha kuchota kwa ncha ya kidole. Kisha anamimina yote juu ya dali, shaaa! Harufu inafika barabarani. Hapo ndipo utamu wote ulipo, na ndiyo maana siwaelewi wanaoila dali iliyolala.

Chapati zao hazikaangwi kama zetu. Ni nyembamba, za atta, yaani unga wa ngano isiyokobolewa, zinachomwa kwenye chuma kikavu, zikivimba zinapakwa samli. Wali ni wa mchele wa Kyela, na pembeni kuna achari ya embe. Chai ya maziwa yenye iliki huja mwisho, majani yakiwa ya huku huku Rungwe; mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikikaza, mgeni huishika bilauri kwa mikono miwili.

Nina sababu nyingine, na hii inaniuma. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei iliporomoka, na wakulima wetu wa Lindi na Mtwara wakahangaika na magunia yao. Tulikuwa tumetegemea mno walaji wa ng'ambo, ilhali mbaazi zenyewe ni chakula kizuri, cha kushibisha, tena cha bei ya mtu wa kawaida. Ningependa kila hoteli ya mama lishe kuanzia Makambako mpaka Tunduma iwe na sufuria ya namna hii. Mgeni wangu akiuliza ilivyopikwa, namwita mpishi amweleze mwenyewe, na huwa hafichi kitu.

Mkija, fikeni kabla ya saa saba mchana. Dali hupikwa sufuria moja kwa siku, na wafanyakazi wa maduka ya jirani wanaijua saa yake.

Msomaji wenu, Mbeya