Nyumba bila ardhi, Lincolnshire

Nilipohamia kwenye karavani, mdogo wangu alinipigia simu ya video, nami nikamtembeza chumba kwa chumba. Sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, bafu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa dada, hilo ni gari au ni nyumba?" Nikatoka nje, nikainama na kumwonyesha magurudumu yaliyojificha chini ya sakafu. Alicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Bila kujua, alikuwa ameuliza swali lenyewe. Kisheria hapa Uingereza, hata zile kubwa zinazoletwa vipande viwili na kuunganishwa, urefu hadi mita 20 na upana mita 6.8, bado ni karavani mradi zinaweza kuhamishwa. Unachonunua ni kuta na paa. Chini yake umekodi kiwanja.

Na mimi ndiye mtu wa mwisho aliyestahili kushangazwa na hilo. Nimezaliwa Majengo, Mombasa. Baba alijenga nyumba ya vyumba sita kwenye ardhi ya mtu, na karani wa mwenye ardhi alikuwa akija na kitabu chake cha risiti, anakaa barazani, anapewa kahawa, anapokea kodi, anaondoka. Nyumba bila ardhi: Mombasa nzima inalijua neno hilo. Nimekua nikiwasikia wazee wakinong'ona juu ya nani kapewa notisi. Halafu nikaja Ulaya, nikafanya zamu za usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee miaka kumi na moja, na akiba yote nikaitia kwenye nyumba bila ardhi ya Kizungu. Tena bila kusoma karatasi.

Ilikuwa 2017. Pwani ya Lincolnshire, toka Skegness mpaka Mablethorpe, imepangwa karavani safu kwa safu. Bei ilinivuta: pauni 24,000, sofa na friji ndani. Kilichonivuta zaidi ni kwamba benki hazitoi mkopo wa kawaida wa nyumba kwa vitu hivi, maana ardhi si yako, kwa hiyo wengi hununua taslimu. Mimi niliyekuwa nikiikimbia riba miaka yote niliona mlango umefunguka. (Mikopo ya karavani ipo, na wauzaji watakutajia kabla hujaketi. Hiyo unaweza kuikataa.)

Nilimwuliza muuzaji waziwazi: naweza kukaa hapa mwaka mzima? Akanijibu kwamba wengi wanakaa, ila Januari na Februari wanakwenda zao likizo. Nikasaini. Mkataba wenyewe ulikuwa umeandikwa, ukurasa wa kwanza, kwamba ni wa karavani ya likizo na ni lazima niwe na makazi ya kudumu mahali pengine. Yaani pale pangu ndipo palipokuwa likizo.

Novemba ikaja barua: lete bili ya kodi ya halmashauri ya nyumba unayoishi. Nyumba ipi? Januari geti likafungwa, maji yakakatwa. Nikalala miezi miwili kwenye sofa ya shoga yangu Leicester, nikichukua zamu za wakala huko huko. Nisiwaonee, kufunga kambi za karavani za pwani ile majira ya baridi kuna sababu. Ardhi iko chini, na usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivunja kingo ikaingia majumbani. Lakini hiyo haikunipa pa kulala.

Kwa hiyo, kabla hujasifia jiko, fanya hivi. Nenda halmashauri ya eneo lile uulize leseni na kibali cha kambi vinasemaje: ni makazi ya kudumu au ni likizo? Usiulize ofisi ya mauzo, uliza halmashauri. Kambi ya miezi kumi na miwili ya likizo ni likizo vilevile, na hapo wengi wananaswa, kwa sababu geti halifungwi na mtu anadhani ameruhusiwa kuishi. Dalili nyingine rahisi: kwenye makazi halali utalipa kodi ya halmashauri wewe mwenyewe, mara nyingi daraja A, la chini kabisa. Ukiambiwa ulete bili ya kwingine, geuza gari urudi.

Tofauti si ya jina tu. Aliye kwenye kambi ya makazi analindwa na Sheria ya Nyumba za Kuhamishika ya 1983: hatolewi bila amri ya mahakama au baraza la mashauri, na anaweza kuuza na kumpa mnunuzi kiwanja kile kile. Wa likizo hana ulinzi huo, ana masharti ya mkataba wake, basi. Yangu niliiuza mwaka uliofuata, kwa kambi yenyewe, pauni 9,000. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuipiga.

Lakini kabla ya kuuza nilionja baridi. Geti lilifunguliwa tarehe 1 Machi 2018, siku zile za upepo wa mashariki ambao Waingereza waliuita mnyama. Theluji imefika kwenye ngazi. Nilikuwa na hita ya magurudumu yenye mtungi wa gesi wa buluu ndani yake, nikaiwasha, ikatoa moto mdogo kama wa kibatari, ikazima. Mzee wa karavani ya jirani akaja na tochi, akautazama mtungi, akatikisa kichwa. Buluu ni butani, na butani hugoma kugeuka mvuke baridi ikifika sifuri. Mwekundu ni propani, na propani hufanya kazi hata chini sana ya hapo. Toka siku ile nina mitungi miwili myekundu ya kilo 47 nje, na regyuleta inayohamia mtungi wa pili yenyewe wa kwanza ukiisha, ili usitoke na taulo usiku wa manane.

Yule yule mzee ndiye aliyenilaza kifudifudi kwenye theluji kunionyesha bomba la maji lilivyoganda pale linapotoka ardhini. Sentimita thelathini tu za bomba tupu. Tuliliyeyusha kwa draya ya nywele, polepole, tukianzia upande wa koki. Usitumie moto, wala maji yanayochemka. Sasa mabomba yangu yote yamevikwa sponji, na pale penye udhaifu pana waya wa umeme wa kulipasha. Ukiondoka wakati wa baridi, funga maji na uyamwage yote.

Nyumba ninayoishi sasa iko bara kidogo, kwenye kambi ya makazi. Nilinunua 2019 kwa bibi aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Safari hii nilisoma kila karatasi, nikampelekea na wakili. Mambo ya kujua, na nasema ya England tu, maana Wales na Scotland wana yao: ukija kuuza, mwenye kambi ana haki ya kamisheni hadi asilimia 10 ya bei. Kodi ya kiwanja hupitiwa mara moja kwa mwaka, na tangu Julai 2023 kipimo ni mfumuko wa bei kwa hesabu ya CPI badala ya ile ya zamani ya RPI, ambayo kwa kawaida ilikuwa kubwa zaidi. Kambi nyingi hazipokei mtu aliye chini ya miaka 45 au 50, na nyingine hazitaki watoto kuishi, kwa hiyo mwenye wajukuu aulize mapema. Pia tafuta nyumba iliyojengwa kwa kiwango cha ujenzi cha Uingereza kiitwacho BS 3632, ndicho cha kuishi mwaka mzima. Karavani za likizo zina kiwango chao chepesi, na kuta zake utazijua Januari.

Umeme wengi tunauziwa na mwenye kambi. Haruhusiwi kukuuzia kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia, kwa hiyo omba kuona bili yake bila haya. Serikali ilipotoa pauni 400 za nishati baridi ile ya 2022, wenzetu wa nyumba za kawaida walikatiwa kwenye bili moja kwa moja. Sisi ilibidi tuombe wenyewe, na dirisha la maombi lilifunguliwa mwisho wa Februari 2023. Jirani zangu wawili hawakuomba kabisa, walidhani ni matapeli.

Nimeacha unyevu mwisho kwa sababu ndio ulioniuma. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje inakumwagia maji hayo yote chumbani. Ongeza sufuria ya wali wa nazi na madirisha yaliyofungwa. Ule mwaka wa kwanza nilifungua kabati lililoegemea ukuta wa nje, nikatoa leso za mama, zile doti alizonipa nikiondoka, na zote zilikuwa zimeshika kawa, vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Hita ile niliitupa. Sasa kabati limeachana na ukuta kwa upana wa kiganja, nikipika feni inavuta, na mashine ya kukausha hewa inanijazia ndoo karibu kila siku ya baridi. Kengele ya monoksidi ya kaboni naijaribu kila Ijumaa, gesi hiyo haina harufu.

Leso nilizipaka ndimu na chumvi, nikangoja jua la Julai, nikazianika kwenye kamba toka ngazini hadi kwenye mti. Jioni ikaja barua chini ya mlango: kanuni ya kambi, kifungu cha kamba za nguo. Kamba za kunyoosha haziruhusiwi, ila ile ya mwavuli inayokunjwa. Nilikuwa nimesoma mkataba wote, kanuni za kambi nikaziruka.