Tairi ya kipindi cha mvua: angalia mpira kwanza, kashata baadaye

Niseme ukweli, miaka mingi tairi za pikipiki nilikua nachagua kwa macho tu. Naingia dukani, natafuta yenye meno makubwa, ndo kashata hizo, naipigapiga na kiganja kama najua ninachofanya, nalipa naondoka. Kichwani kwangu meno makubwa maana yake haitelezi, na siku niliyogundua sivyo nilikua chini, helmeti inasaga lami.

Na wala haikua mvua ya maana, ni manyunyu tu, hata koti sikuvaa. Taa za mbele zikawa nyekundu, nikashika breki kama siku zote, tairi ya mbele ikakanyaga mstari mweupe wa kivuko na usukani ukaniponyoka kama umepakwa sabuni. Spidi haikufika hata 30. Kioo kimoja, wenzo wa breki, na goti. Nimekaa pembeni nasubiri miguu iache kutetemeka ndo nikaiangalia ile tairi vizuri, kashata zimejaa, vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimesimama pembeni, yaani mpya. Nikabonyeza ukucha kwenye mpira, haukuingia hata kidogo, ni kama nabonyeza soli ya kiatu kilichosahaulika juani.

Nikatafuta namba. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa ule mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yangu ilikua na miaka saba tangu itoke kiwandani na mimi nimeinunua miezi minne tu nyuma, "mpya kabisa boss". Hapo ndo nikakumbuka siku ile vidole vilibaki vinang'aa, kumbe ilipakwa dawa ya kung'arisha. Na kwa upande mmoja muuzaji hakudanganya, ilikua haijawahi kutembea. Ila mpira unazeeka hata ukiwa umetundikwa ukutani, hewa, joto na jua vinaukausha taratibu, unakua mgumu, na mpira mgumu kwenye lami iliyolowa hauna msaada.

Lami ukiinamia karibu utaona ni vijiwe vijiwe, na tairi inashika kwa mpira kulainika na kujipenyeza kwenye vile vijiwe. Mvua ikinyesha kunakua na utando wa maji katikati, na dakika za mwanzo ndo mbaya zaidi maana mafuta na vumbi vya barabarani vinachanganyika na maji kabla havijasombwa. Mpira laini unaukata huo utando na kuikuta lami, mgumu unaelea juu yake. Ndo maana siku hizi swali langu la kwanza sio kashata, ni silika (silica), unga mweupe unaochanganywa kwenye mpira. Zamani kiungo kikuu cha kuimarisha mpira kilikua masizi meusi, siku hizi tairi nyingi nzuri za barabarani zina silika ndani, na mpira wa namna hiyo unabaki na ulaini hata asubuhi ya baridi na mvua. Muuzaji anaweza asijue, ingia kwenye tovuti ya kampuni usome aina unayoitaka, wakiwa wameiweka huwa wanajisifu nayo. Kuna nyingine zina mpira wa aina mbili, katikati mgumu kidogo usiishe haraka, mabegani, yaani pembeni, laini kwa ajili ya kona, hizo kwa anayetembea sana ni hela iliyotumika vizuri.

Sasa sijasema kashata hazina kazi. Kazi yake ni kuyapa maji njia ya kutoka, na ukiwa unakimbia kwenye barabara yenye maji yaliyosimama hapo kina cha mifereji ndo kila kitu. Lakini yale meno makubwa ya njia ya vumbi ni kitu kingine kabisa, yametengenezwa yachimbe tope, ukiyaleta kwenye lami iliyolowa sehemu kubwa ya tairi ni nafasi tupu, mpira unaogusa chini ni kidogo na kila jino linapinda ukishika breki. Kama njia zako ni mchanganyiko tafuta ambayo meno yake yamebanana katikati.

Kina chenyewe, sheria ya Uingereza kwa pikipiki za juu ya cc 50 ni angalau milimita 1, Ujerumani 1.6. Mimi ikifika 2 naitoa, hasa ya mbele. Na hapa ndo nagombana na watu kila siku, ya nyuma inaisha haraka kwa hiyo inabadilishwa, ya mbele inaachwa inazeeka na pikipiki. Ukishika breki uzito mwingi unakuja mbele! Ya nyuma ikiteleza mara nyingi unapata nafasi ya kuirudisha, ya mbele ikiondoka unajikuta umeshalala. Hela ikiwa ya tairi moja na zote mbili zimechoka, mimi ningeanza na ya mbele.

Saizi baki na iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Tairi pana kwenye rimu nyembamba inabanwa, inabadilika umbo, na kukunja kona inakua kazi, eti kisa muonekano. Angalia na namba ya uzito, 58 kwa mfano maana yake tairi inabeba hadi kilo 236, kama unabeba abiria usishuke chini ya ile ya kiwandani. Na rimu ya spoku mara nyingi bado inataka tyubu, usidanganyike na neno tyublesi ubavuni.

Halafu upepo. Kuna ushauri unazunguka eti mvua ikinyesha punguza upepo ili tairi ishike. Usifanye hivo barabarani, tairi legevu inajikunja, mifereji inajibana na maji yanakosa pa kutokea. Jaza kiwango cha kiwandani, pima tairi ikiwa ya baridi, na nunua geji yako mwenyewe.

Ukishafunga mpya usiiamini siku hiyo hiyo. Juu kuna uso nyororo wa kiwandani unaoteleza, unaisha ukitembea, kwa hiyo kilomita 150 za mwanzo nenda kistaarabu, kona ongeza kulala kidogo kidogo ili na mabega yasuguke, na ukiweza zifunge kukiwa kukavu. Dawa za kung'arisha wekea viatu.

Na kabla hujaondoka kwa fundi inama uangalie ule mshale ubavuni, unaonyesha tairi inazungukia wapi na ile mifereji imechorwa kufuata huo mzunguko. Mimi nilishawahi kutembea wiki mbili ya mbele imefungwa kinyume. Ukiuleta juu ya tairi ukakuta unaangalia nyuma mwambie afungue tena, hata kama ameshanawa mikono.